Karakana ya Leo, Mnunuzi wa Kesho

Juma hili namjibu msomaji mmoja, seremala wa upande wa Tabora, aliyeuza tumbaku yake vizuri na kuweka kando fedha ya kujengea karakana. Anauliza habari za ukubwa, bati na umeme, na hayo tutayafikia. Lakini swali lake hasa liko mwishoni mwa barua, kama mtu anayesema neno kubwa akiwa tayari ameshika mlango wa kuondokea: ana wana watatu, wote wako shuleni, wala hakuna hata mmoja anayeshika randa kwa mapenzi. Yeye mwenyewe amevuka miaka 50. Basi anauliza kama si upumbavu kutia fedha yote katika nyumba ambayo baada yake hakuna atakayeifanyia kazi.

Si upumbavu, ndugu yangu, ikiwa utaijenga nyumba ambayo mtu usiyemjua atapenda kuinunua au kuipanga. Utakuwa upumbavu ikiwa utaijenga kwa kipimo cha mwili wako na kazi yako tu, kama mtu anavyoshonewa suruali.

Nasema hivi kwa sababu niliyaona mambo haya kwa mama mmoja mjane, jirani yetu wa miaka iliyopita. Marehemu mumewe alikuwa seremala hodari. Vitanda vyake vya mninga bado vinalaliwa katika nyumba nyingi za kijiji kile. Karakana yake aliijenga kwa tofali nzuri za kuchoma, tena kwa bati nene. Lakini aliiweka nyuma ya nyumba, kati ya jiko na ghala, ili asikie akiitwa chakula. Mlango ulikuwa wa sentimita 80. Katikati ya sakafu alijenga vitako viwili vya zege, vimeinuka hadi magotini, vya kukalia msumeno wa duara na injini yake. Kwake vitako vile vilikuwa fahari.

Alipofariki, watoto wawili walikuwa sekondari. Mama akatangaza kuuza karakana ili alipe ada. Akaja mtu wa mashine ya kusaga, akatazama, akauliza: wateja wangu watapita wapi na debe zao, jikoni kwako? Akaja mfanyabiashara wa mahindi, akapenda ukavu wa nyumba, lakini magunia angeyapanga wapi na vile vitako vimekaa katikati kama makaburi? Akaja wa tatu, akauliza karatasi za kiwanja. Karatasi haikuwapo, kiwanja kilikuwa kimoja na cha nyumba anayolala. Mwishowe mama aliuza bati, mlango na mbao za paa, kwa bei ya kuonea huruma. Kuta zikabaki kulambwa na mvua. Marehemu hakukosa ufundi hata kidogo. Alijenga kwa ajili ya mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyetangulia kuondoka.

Basi, kabla hujanunua mfuko mmoja wa saruji, chukua karatasi uigawe safu mbili. Safu ya kwanza andika vitu vya nyumba, ya pili vitu vya fundi. Vya nyumba ni vile vitakavyobaki siku ukiondoka: sakafu, kuta, paa, milango, njia ya umeme, maji, choo, njia ya gari. Hivyo vifanye imara, vya kawaida, vyenye kumfaa seremala, mchomelea vyuma, mshona nguo, msaga unga na mweka mazao. Vya fundi ni vile vya kazi yako: meza, rafu, mashine, jiliwa, kabati la vifaa. Hivyo vifunge kwa bolti na skrubu, visijengewe ukutani wala kuzikwa katika zege. Kila ukisitasita juu ya jambo fulani, liulize liko safu gani. Utaona maswali mengi yanajibika yenyewe.

Tuanze na mahali, maana hapo ndipo mama yule aliposhindwa kabla hata mnunuzi hajaingia ndani. Karakana iwe na mlango wake kwenye njia ya watu wote, na mteja aifikie bila kupita uani pako. Kama kiwanja chako ni kirefu, nyumba nyuma na nafasi mbele, basi mbele ndiko kwa karakana. Acha nafasi gari dogo la mizigo liingie, ligeuke, litoke. Pasipo hivyo magogo na magunia yatashushwa njiani na kubebwa vichwani, na mnunuzi atalihesabu hilo katika bei.

Lakini usiikumbatie barabara mno. Sheria ya Barabara ya 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kutoka katikati ya barabara, kila upande, kwa barabara kuu na barabara za mkoa. Umewahi kuziona nyumba zilizopakwa alama ya X. Nyumba yenye X haina mnunuzi, hata iwe na sakafu ya kioo. Chukua kamba ndefu, simama katikati ya barabara, pima mwenyewe, kisha ongeza hatua chache za usalama. Kama ni njia ya wilaya au ya kijiji, waulize wahusika wa halmashauri kipimo chake kabla ya kuchimba msingi.

Ukubwa sasa. Mimi ningekushauri chumba kimoja cha mita 6 kwa mita 9, kupimwa ndani. Kisipungue upana huo, maana seremala anajua shida ya chumba chembamba: ukipasua ubao wa futi 12 kwa mashine, unahitaji futi 12 mbele ya msumeno na futi 12 nyingine nyuma yake, nazo pamoja ni zaidi ya mita 7. Katika urefu wa mita 9 kazi hiyo inafanyika na bado mtu anapita. Kama fedha haitoshi, jenga mita 6 kwa 6 kwanza, na mwashi aache meno ya tofali upande utakaoendelea. Hapo kwa mbao ndefu kuna ujanja wa zamani: weka kidirisha kidogo chenye kifuniko, kwa kimo cha meza ya mashine, ubao upitishe pua yake nje.

Chumba kisiwe na nguzo katikati wala ukuta wa tofali wa kugawa. Kenchi za mbao, zikipangwa kila baada ya mita 1.2 hivi na fundi anayejua kuziunga, zinavuka mita 6 pasipo nguzo. Ukitaka vyumba viwili, gawanya kwa ukuta wa mbao unaoweza kubomolewa kwa siku moja. Leo upande mmoja ni wa kupaka vanishi, mbali na vumbi. Kesho ni duka la mkeo. Keshokutwa mwingine ataung'oa ukuta huo aweke magunia. Nyumba yenye chumba kimoja kipana hugawanyika kwa urahisi, lakini nyumba ya vijumba vinne kuifanya kimoja ni kubomoa.

Huku kwetu, karibu na Ikweta, jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Kwa hiyo kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, na madirisha makubwa yawe huko. Barabara isipokubaliana na jua, fuata barabara kwa ajili ya mlango, nalo jua ulizuie kwa baraza. Vizingiti vya chini vya madirisha viwe mita 1.2 toka sakafuni, ili meza ikae chini yake na mwanga uangukie kazi. Nondo za chuma na vifuniko vya mbao vinatosha kwa kuanzia; vioo vinaweza kungoja.

Kuta za tofali za kuchoma zenye unene wa sentimita 23 hazina shaka. Wengi siku hizi hutumia tofali za udongo na saruji zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono, za kufungamana, ambazo hazihitaji kuni. Nazo ni nzuri, mradi zitiwe maji na kivuli siku za kutosha kabla ya kujengewa. Ukijenga ukuta mwembamba, weka nguzo za tofali kila mita 3. Jambo ambalo sitaki ulikose ni linta: izunguke nyumba nzima bila kukatika, na nondo ndani yake. Faida yake kubwa ni nguvu, lakini kuna nyingine isiyosemwa mara nyingi. Atakayenunua akitaka kutoboa mlango mwingine wa kawaida au dirisha chini ya linta hiyo, atatoboa bila ukuta wa juu kumwangukia. Umemwachia uhuru, na uhuru huo una bei yake.

Nije kwenye sakafu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo inayotazamwa kwanza na mnunuzi yeyote aliyekwisha kuumwa.

Sakafu iinuke sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, kwa kujaza mawe na moramu iliyoshindiliwa vema, tabaka kwa tabaka, si kumwaga yote siku moja na kuikanyaga kwa miguu. Juu yake zege ya sentimita 10: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndoo 4. Kwa chumba chetu hicho ni kama mita za ujazo 5 na nusu za zege, yaani mifuko 35 hivi ya kilo 50. Ni fedha, najua. Watu wengi hapo ndipo wanapopunguza saruji, na baada ya mwaka sakafu inatoa vumbi kila ikifagiliwa. Afadhali usipake rangi kuta miaka mitatu kuliko kuibia sakafu saruji. Pale mlangoni, litakapoingilia gari, fanya unene wa sentimita 15. Imwagwe kwa vipande vya mita 3 kwa 3, ili ikitaka kupasuka ipasuke penye kiungo. Halafu uilowanishe kwa siku 7, ukiifunika kwa majani au mifuko. Watoto wanaweza kuifanya kazi hii asubuhi na jioni, nao wataifurahia.

Kitako cha mashine kisiinuke. Kama una mashine nzito yenye mtikiso, chimba mahali pake chini, mwaga zege nene ya peke yake, nayo iishie sawasawa na sakafu. Mashine uifunge kwa bolti. Siku ikiondoka, bolti zinakatwa, vitundu vinazibwa, na mtu anaburuta gunia juu yake asijue palikuwa na nini. Mama yule alijaribu kuvunja vitako vya mumewe kwa nyundo. Vijana wawili walifanya kazi siku nzima wakapasua na sakafu yenyewe.

Milango iwe miwili. Mkubwa wa upana wa mita 2.5 na urefu wa kama huo, wenye mabawa mawili yanayofunguka nje ili yasile nafasi ya ndani. Mdogo uwe wa sentimita 90, kwa matumizi ya kila siku, na ikiwezekana ukabili ule mkubwa, ili hewa ipite na mbao ndefu zipate njia. Fremu za chuma ni bora mahali penye mchwa. Ukitumia mbao, zisiguse udongo kamwe, na kuzunguka nyumba yote umwage mkanda wa zege wa futi mbili. Mchwa huwezi kuwazuia kuishi Unyamwezi, lakini wakipanda ukuta juu ya zege utaiona njia yao mapema.

Juu ya paa sina maneno mengi. Kabla ya kuchimba msingi nenda dukani ukaulize bati zina urefu gani, kisha panga mteremko na upenuni kulingana nazo. Kukata bati mpya ni kutupa fedha. Weka bati chache zinazopitisha mwanga, upande wa kusini au kaskazini, usiziweke juu ya mahali utakaposimama siku nzima. Upenu wa sentimita 60 hulinda kuta. Paa la nyumba hii litakuwa na kama mita za mraba 80, na mvua ya milimita 10 tu huliangushia lita 800. Hata zikipotea nyingine njiani utapata 600. Funga mifereji na tangi. Mnunuzi akiona maji kwenye kiwanja hatauliza tena kuhusu rangi ya kuta.

Umeme. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini aanze kazi mwaka 2007, nguzo zimefika vijiji vingi ambavyo zamani vilikuwa na taa za kandili tu, na ndiyo maana karakana ya kijijini leo ina wanunuzi kuliko zamani. Lakini angalia: si kila laini ipitayo mlangoni pako ina njia zote tatu. Kwa taa, keekee ya umeme, cherehani na msumeno mdogo, njia moja yatosha. Kwa mota kubwa ya kusagia nafaka unahitaji njia tatu. Uliza TANESCO laini yenu ni ya namna gani. Kama unayo ya njia tatu lakini wewe huihitaji, usiilipie leo. Acha tu nafasi ukutani karibu na swichi kuu, na bomba pana tupu litokalo nje hadi hapo. Bomba lile tupu ni kitu kidogo, lakini mwenye mashine ya kusaga atalitazama kwa upendo.

Mita ya karakana iwe peke yake, si waya ulioburutwa kutoka nyumbani. Hata kabla ya kuuza utaona faida, maana utajua kazi inakula umeme kiasi gani na nyumba inakula kiasi gani, na ugomvi wa nani amemaliza LUKU utakwisha. Waya zipite katika mabomba juu ya ukuta, zisizikwe ndani ya lipu, ili mwingine aongeze zake bila kuchimba. Soketi ziwe kimo cha mita 1.2, juu ya meza, kila baada ya mita 2. Taa ziwe na njia yake mbali na soketi. Fikiri mwenyewe: mashine imezidiwa, fyuzi imekatika, na taa nazo zimezimika, huku meno ya msumeno bado yanazunguka gizani karibu na mkono wako. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, naye aifunge na waya wa ardhini. Binamu yako aliyejifunza kwa kutazama umpe kazi nyingine.

Iwapo katika nyumba hiyo moja patakuwa na mbao na kuchomelea vyuma, kuchomelea kufanyike nje barazani au upande wenye ukuta wake, na takataka za randa zifagiliwe kila jioni. Cheche hukaa ndani ya vumbi la mbao kimya saa nzima, mwenyewe ukiwa umeshalala. Ndoo mbili za mchanga mlangoni hazigharimu kitu.

Choo kichimbwe kwa ajili ya karakana yenyewe, mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Wateja ni watu.

Sasa vifaa, safu ya pili. Meza ya seremala ifanye nzito kwa mbao nene, lakini ifungwe kwa bolti nne au sita ili ipite mlangoni ikiwa vipande. Kimo chake pima hivi: simama wima, mikono ikining'inia, kiganja kiguse juu ya meza. Kwa wengi ni sentimita 80 hadi 85. Rafu za mbao zitundike kwenye vyuma vilivyofungwa kwa skrubu. Vifaa vya mkono, yaani misumeno, patasi, randa, timazi, pimamaji, viwe katika kasha lenye kufuli na mishikio miwili, wanaume wawili walibebe. Na mashine, kama utazinunua, nunua kwanza ile inayokulipa kila juma. Nyingine kodi kwa mwenzako mpaka kazi idai. Nimeona karakana zenye mashine tano zilizofunikwa magunia, na mwenyewe anadaiwa saruji.

Itakapofika siku ya kuuza, mashine ziuze mbali na nyumba, tena uziuze kwanza, wakati umeme upo na mkanda unazunguka. Mtu hununua msumeno anaouona unapasua ubao. Ukishauza nyumba na kuhamishia mashine chini ya mwembe, kila anayekuja atakwambia ni mbovu, wala hutakuwa na namna ya kumjibu.

Nimeacha karatasi mwisho, lakini wewe zianze mapema, maana zinakwenda polepole kuliko tofali. Kwanza uelewe unauza nini. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Unachoweza kumhamishia mwenzako ni haki ya kuitumia, pamoja na nyumba uliyojenga juu yake. Katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoanza kutumika 2001, inakuwezesha kupata hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji. Unapoomba, waambie kiwanja cha karakana kipimwe peke yake, mbali na cha nyumba ya kulala, pamoja na njia yake ya kuingilia. Hapo utaweza kuuza kimoja ukabaki na kingine, na mkeo hatatishwa kuwa atalala nje. Kuhamisha haki hiyo kwa mtu mwingine kunapita tena mbele ya halmashauri ya kijiji, hasa kama mnunuzi ni mgeni. Hati ya kuuziana iliyoandikwa gizani nyumbani kwa balozi, kwa mashahidi wawili na soda, haitoshi.

Na mkeo awe ndani ya jambo hili tangu siku ya kwanza. Simaanishi aambiwe tu. Jina lake liandikwe katika hati pamoja na lako. Hati ya namna hiyo hukubali majina ya wote wawili. Risiti za saruji, bati na nyaya, na mchoro wa mahali mabomba ya umeme na maji yanapopita, viwekwe katika bahasha moja anayoijua. Yule mama mjane hakujua mumewe alinunua kiwanja kile kwa nani, wala nani alishuhudia. Wazee waliokumbuka walikuwa wawili, nao hawakukubaliana mpaka wapi.

Bila shaka utaniambia: mbona unanitayarishia kuuza kabla sijajenga? Huenda usiuze kamwe. Unaweza kupangisha nusu ya chumba kwa fundi pikipiki, ukabaki na nusu yako kwa kazi nyepesi za uzee, na kodi yake ikawa daftari na sare za mwana wa mwisho. Mpangaji naye aandikiwe mkataba, hata akiwa shemeji, hasa akiwa shemeji. Au mmoja wa wana hao watatu, asiyependa randa leo, atarudi na cheti cha umeme au cha kuchomelea, akute sakafu safi na swichi kuu inamngoja. Huwezi kujua. Ndiyo maana nyumba usiifunge kwa kazi moja.

Kazi ya kwanza haina gharama. Jumamosi hii chukua mambo manne na kamba, uchore chumba cha mita 6 kwa 9 juu ya ardhi. Pima pembe kwa pembe: kamba zote mbili za mshazari ziwe mita 10 na sentimita 82, zikitofautiana, sogeza mambo mpaka zilingane. Kisha ingia ndani na ubao wa futi 12 begani, ugeuke nao, utoke nao kwa mlango mkubwa na kwa mdogo, na mkeo asimame mahali pa meza. Muite na jirani mwenye gari alipitishe. Mahali mtakapogongana ndipo pa kurekebisha, maana kamba husogea na ukuta hausogei. Tofali zako zifyatuliwe mwezi wa Juni, zichomwe Agosti kungali kukavu, na bati ziwe juu kabla ya mvua za Novemba. Ukifika kwenye linta niandikie tena, unieleze mwashi anataka kuweka nondo ngapi.